Viti vya Kuazima

Rubondo, Nakivale,
Uganda.
Tarehe 9 Machi 2025.

Mpendwa mdogo wangu Mariette,

Salamu zangu zikukute mzima, moto umewaka ndani na theluji imebaki nje. Patrice mumeo anaendeleaje na ule mgongo alioumia kiwandani? Larissa na Claude wameizoea shule ya huko Sherbrooke, au bado wanalia asubuhi kwa sababu ya baridi? Nauliza haya kwanza, kwa kuwa baba alitufundisha kwamba anayeanza barua kwa shida zake ni sawa na mtu anayeingia nyumba ya watu bila kubisha hodi.

Sisi huku tupo. Goretti mke wangu anakusalimu. Homa iliyomlaza mwezi wa kwanza imemwachia. Prince amepanda darasa. Sonia amerefuka hata magauni yake ya mwaka jana yamekuwa blauzi. Mahindi tuliyopanda Septemba yalikauka yakiwa yametoa mbelewele tu, na mvua ya msimu huu inanyesha kwa kusitasita, kama mgeni asiye na hakika kwamba amealikwa.

Mama yu hai. Naliandika neno hilo peke yake, kwa maana leo ni siku ya tisa tangu aache kusema nami, na ni siku ya nne unga wa posho umo ndani ya nyumba na yeye hataki kuugusa. Anakula kile tu ambacho Ancilla, jirani yetu Mrundi, anamletea kwa mkono wake: kiazi kimoja, vijiko vichache vya maharage. Ukimshika mkono sasa, unashika mfupa. Barua hii yote inahusu jambo hilo, Mariette, hata pale itakapoonekana kama inahusu mataifa.

Nilipokea ujumbe wako wa sauti. Nimeelewa kwamba Jumamosi ijayo parokia yenu inawakusanya watu ukumbini wajadili swali hili: je, nchi tajiri zina wajibu wa kusaidia kupunguza umaskini duniani? Nimeelewa pia kwamba wamekuomba useme, nawe unataka kuwasomea kwa Kifaransa maneno ya kaka yako aliyeko kambini. Kisha ukashusha sauti, ukaniita yaya, kama kwetu anavyoitwa kaka mkubwa, ukaongeza: «Lakini yaya, usitie uchungu mingi. Huku batu bakisikia uchungu, banafunga mufuko.»

Nilifundisha Kifaransa na maadili kwa miaka kumi na tisa kule kwetu Baraka, na insha isiyo na uchungu najua namna inavyoandikwa. Nimejaribu. Karatasi tatu nimezichana; hizi nitakazozimaliza nitakutumia kwa picha za simu. Ungekuwa uchungu huu ni chumvi iliyozidi, ningekupikia chungu kingine. Lakini uchungu ndio maji yenyewe niliyopikia. Wasomee basi kama ulivyo. Pale nitakapokuambia usisome, usisome.

Waheshimiwa mabibi na mabwana mliokaa katika ukumbi huo: nawashukuru kwa kuliuliza swali, na nakiri kwamba linanishangaza. Sijapata kusikia huku Rubondo watu wakikutana kujadili kama jirani asaidiwe. Mwaka tulipofika, nchi hii ya Uganda, ambayo hakuna anayeiita tajiri, ilitukatia kiwanja cha kujenga na kipande cha kulima. Wenyeji Wanyankole waliokuwa wakichungia ng'ombe hapa walisogea. Jioni ya kwanza mwanamke wa Kirundi nisiyemjua alituletea sufuria ya uji, akaondoka kabla hatujamuuliza jina. Ndiye huyo Ancilla. Nimeona jambo hili mara nyingi tangu hapo hata sasa nalisema kama kanuni: tajiri hujiuliza kama atoe, maskini hujiuliza atoe nini.

Nisionekane mwizi wa fadhila. Kisima tunachochotea kilichimbwa kwa fedha ya mbali. Wanangu walichanjwa kwa dawa ya mbali. Shule anayosoma Prince ina bati lililotoka mbali. Mtu akisema mbele yangu kwamba msaada haujafanya kitu, nampeleka kisimani. Na mtu akisema kwamba msaada unatufanya wavivu, namkabidhi jembe la Goretti saa sita mchana, kisha namwomba arudie sentensi yake.

Wala msidhani naomba huruma. Kwetu Kivu ya Kusini ardhi ina dhahabu, na sijawahi kuona mkutano ukiitishwa ng'ambo kujadili kama dhahabu ile ipokewe. Ilipokewa. Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, zinao wajibu, na wajibu huo ni wa zamani kuliko ukarimu wao. Lakini ningejibu hivyo tu na kuketi, ningekuwa nimewadanganya, kwa sababu kuna ndiyo inayomwacha mtu pabaya kuliko hapana. Nitawaeleza kwa habari ya viti.

Mwezi wa kumi mwaka jana mtu wa kipaza sauti alipita Rubondo akitangaza kwamba wiki ile wageni wangezunguka nyumba kwa nyumba kutazama maisha ya watu. Chakula kilikuwa kimepungua katika maghala kwa sababu nchi zinazotoa zilikuwa zimepunguza. Sasa watu wangegawanywa makundi matatu: wenye shida sana, wenye shida kiasi, na wanaoweza kujitegemea. Hayo ya makundi yalisemwa kwa Kiingereza. Sisi katika matangazo yale tulisikia neno moja: wageni.

Mariette anajua nyumba yetu ilivyokuwa, ila ninyi hamjui, basi niwaeleze. Katika nyumba ya baba yetu mgeni hasalimiwi akiwa amesimama. Anakalishwa kwanza, ndipo anaulizwa habari. Mwenye nyumba anaweza kukaa chini, watoto wanaweza kukaa nje, lakini mgeni ana kiti. Na mgeni akiwa amekaa, haambiwi njaa ya nyumba ile, kwa sababu kumwambia mgeni una njaa ni kumwambia aondoke. Baba yetu alikufa na sheria hizo. Mama yetu, Eugénie, amezibeba mgongoni kutoka Baraka hadi hapa, pamoja na sufuria moja.

Kiti hatukuwa nacho. Tunakalia mkeka na vipande vya gogo. Goretti alikwenda kwa Salvator, mume wa Ancilla, ambaye ana viti vinne vya mbao vyenye mikono, alivyovitengeneza mwenyewe vya harusi ya binti yake. Salvator ni mtu wa mizaha. Akamwambia:

«Ninyi Wakongomani, wengine wanaazima chumvi, ninyi munaazima viti! Chukueni. Lakini kila kiti kina miguu mine, nitahesabu.»

Goretti akamjibu, «Baba Sonia wangu ni mwalimu, atakuandikia risiti ya miguu.» Mtoto mkubwa wa Salvator naye anaitwa Sonia kama wa kwetu, kwa hiyo hapa Rubondo kila «Baba Sonia» ikiitwa tunageuka wawili. Walicheka. Akampa na chupa ya chai yenye maua, na sinia.

Wageni walikuja wawili, kijana na binti, wenye adabu, na kile kibao cha kioo cha kuandikia. Walikalishwa. Walipewa chai na karanga za kuchemsha, ambazo Goretti alikuwa amezitunza za mbegu. Binti yule Mganda akasema, «Mama, hapana sumbuka, sisi iko kazini tu,» lakini alikunywa, na nilifurahi kuona anakunywa. Kisha wakauliza. Nyumba hii ina viti vingapi? Walivihesabu wenyewe. Ina chupa ya chai? Walikuwa wanaishika. Jana mlikula mara ngapi? Swali hilo walimwelekezea Mama, kwa heshima ya umri wake, na Mama, aliyekuwa amekaa wima kwenye mkeka na kitambaa chake cha kanisani, akajibu kama alivyojibu maisha yake yote mbele ya mgeni:

«Tunakula muzuri, banangu. Mungu iko anatusaidia. Mukunywe chai, isipoe.»

Nilikuwepo. Mimi mwalimu, niliyesoma, niliyejua maana ya fomu, nilikuwepo, na sikusema neno. Ningemkana mama yangu mbele ya watu aliowakaribisha?

Mwezi uliofuata majina yalibandikwa. Sisi tulikuwa kundi la tatu, wanaoweza kujitegemea, nasi tukakatiwa posho. Na sasa sikieni jambo ambalo Salvator analisimulia mpaka leo kila akipata msikilizaji. Nyumba yake ilikaguliwa mchana ule ule, saa moja baada ya yetu, viti vyake vikiwa bado kwangu. Wakakuta mtu na mkewe wamekaa chini. Wakawaandika kundi la kwanza.

«Mwalimu,» ananiambia, «viti vyangu vimekutajirisha wewe, na mimi mwenyewe vimenipa posho. Hakuna seremala duniani ametengeneza viti vyenye kazi kama hivyo.»

Tunacheka, kwa sababu yeye hucheka akiwa ameshika debe la maharage analotuletea. Miezi minne familia yangu imekula kutoka katika posho ya jirani. Hivyo ndivyo msaada wa nchi zenu ulivyotufikia mwishowe, waheshimiwa: ulipita njia ndefu, ukakosea mlango, na ni mkono wa Mrundi asiye na kitu uliousahihisha.

Mwezi wa kwanza ofisi ilitafuta mtu wa kutoa neno la shukrani kwa niaba ya wakimbizi katika mkutano wa wawakilishi wa mataifa wahisani, mjini Mbarara. Wakanichagua mimi, kwa kuwa nasema vizuri. Nilimwomba dereva wa ofisi anipakilie Mama na Goretti, niwashushe Ruharo, kwenye hospitali ya misheni, Mama atazamwe macho. Utando umemfunika macho yote mawili. Anaona mwanga na kivuli, basi. Dereva, jina lake Muhirwa, mtoto wa kambi ya jeshi ya Makenke, alisema, «Panda, mama yangu, hii gari ni ya Mungu,» na akamfungia mkanda kwa mikono yake.

Katika ukumbi wa hoteli tulikokutania viti vilikuwa vimevishwa nguo. Nasema kweli. Kila kiti kilikuwa na kanzu nyeupe iliyofika sakafuni na utepe wa bluu mgongoni, na nilipokaa juu ya kimoja nilimfikiria Prince, ambaye kaptula yake ya shule imetiwa viraka viwili. Nilikuwa nimepewa karatasi ya kusoma. Niliisoma nusu. Kisha nikaiweka chini, nikawasimulia habari ya viti vya Salvator kama nilivyowasimulia ninyi.

Walicheka sana. Lilikuwa cheko la wema, sikatai. Mama mmoja alijifuta machozi. Mzee mmoja aliniambia nina kipaji. Wakapiga makofi, wakanipiga picha nikiwa nimekaa kwenye kiti kilichovaa kanzu, kisha wakaenda kula. Nami nilikula, Mariette. Nilikula nyama, na nilifunga vipande viwili katika kitambaa cha karatasi nikavitia mfukoni, mimi niliyekuwa msemaji mkuu.

Pale Ruharo daktari alikuwa amempima Mama kwa uangalifu. Alimweleza Goretti kwamba macho yanaweza kufunguliwa, kazi si kubwa, lakini damu ya mgonjwa ni kidogo na mwili umedhoofu. Ale vizuri miezi miwili mitatu, arudi. Mama alilipokea neno lile kama ahadi. Njiani alisema anataka kuona kama Sonia amefanana na wewe.

Alipolala kichwa kikiwa begani kwa Goretti, nilimsimulia Muhirwa kilichotupata. Alinisikiliza mpaka tukapita mji, kisha akatikisa kichwa.

«Mwalimu, wewe nakosea inspekshen. Sisi pale Makenke, afande akisema inspekshen ni kesho, kila kitu nang'aa: kitanda, viatu, hata sufuria. Lakini hii ya kwenu iko ya kugeuza. Hii unapanga kukosa! Toa viti, toa chupa, ficha kuku. Na wewe mwenyewe, hii shati yako ya kola, toa. Kohoa kidogo.»

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, na kisha nikayashika maneno yake kama somo.

Kuanzia hapa, Mariette, usiwasomee. Hii ni yako peke yako.

Hadithi niliyowasimulia wale wahisani ilifanya kazi, maana mwezi wa pili tulipewa habari kwamba nyumba yetu itatazamwa upya. Nilipata siku tatu za kujiandaa. Nilimkataza Goretti kwenda kwa Salvator. Niliondoa magogo, nikayatupa nyuma ya choo. Mkeka mpya niliukunja nikaupeleka kwa Ancilla, nikabakiza ule uliotoboka. Chungu kikubwa nilikigeuza jikoni, kichwa chini. Watoto niliwaambia wasioge asubuhi ile. Sonia alinitazama, akauliza, «Papa, bageni batakaa wapi?» Nilifanya kazi ile kwa bidii ambayo sijaitia katika kazi nyingine yoyote tangu niache shule: niliupanga umaskini wangu vizuri, ili usomeke.

Wakaja. Alikuwa binti yule yule na mwenzake mpya. Walisimama mlangoni, jua likiwapiga mgongoni, na mimi nikasimama mbele yao. Mama alikuwa ndani, kwenye mkeka ule mbovu, akiongea na ukuta kama afanyavyo siku hizi. Akasikia hodi.

«Appolinaire, ni bageni?»

«Ndiyo, Mama.»

«Bamesha kaa?»

Mariette, ningeweza kusema hatuna kiti. Ningeweza kusema wana haraka. Nilimtazama yule binti akiandika, nikasema:

«Wamekaa, Mama.»

Akawasalimu kwa utaratibu wote, akauliza safari, akauliza wazazi wao. Yule binti akamjibu kwa upole, na nikaona uso wa Mama ukiinuka polepole kuifuata sauti, ukipanda, mpaka ukafika pale kichwa cha mtu aliyesimama kinapofika. Mtu asiyeona hujua sauti inatoka wapi. Alikaa hivyo, uso juu, kwa muda ambao sitausahau. Kisha akasema, si kwangu:

«Mutusamehe, banangu. Hii nyumba ilikuwaka na fasi ya kukaa.»

Yule binti aliinama kuandika. Aliniuliza kwa sauti ya chini, «Mzee, hapa hakuna hata kiti moja?» Nikasema hakuna. «Sawa, nimeandika,» akasema, na alionekana amefurahi kwa ajili yetu. Simlaumu. Alitumwa kuhesabu, na alihesabu.

Safari hii jibu halikuchelewa. Alhamisi posho ikatoka: unga, maharage, mafuta. Tumekuwa kundi la kwanza. Nilibeba gunia mwenyewe hadi ndani. Goretti alisonga bugali, akampelekea Mama sahani. Mama akagusa, akanusa, akauliza, «Hii unga imetoka wapi?» Goretti alipomwambia, aliisukuma sahani kwa vidole viwili, taratibu, isimwagike.

«Hii ni ya bale bageni balisimama. Mimi sikulake chakula ya mutu nilimunyima kiti.»

Basi. Nimemnyang'anya mama yangu kitu cha mwisho alichotoka nacho kwao ili nimpe kitu cha kula, naye hakili. Na pale Ruharo wanamsubiri awe na nguvu.

Hapa, mdogo wangu, niliweka kalamu chini. Sasa naendelea, na nakuambia kilichotokea saa chache zilizopita.

Mama alisikia karatasi. Alimwuliza Goretti, «Anaandika nini siku mbili hizi?» Goretti, ambaye amechoka kuwa mpatanishi, akasema, «Umuulize mwenyewe, mama mukwe. Iko hapa, ana kinywa.» Hakuniuliza. Ila aligeuza sikio. Basi nikaanza kumsomea tangu mwanzo, hata ya ukumbini, hata ya gogo nyuma ya choo, hata uongo wangu. Sehemu ya Salvator na risiti ya miguu ilimfanya acheke puani, nikaona. Sehemu ya uongo niliisoma kwa shida. Nilipomaliza, mvua ilikuwa ikidondoka kidogo juu ya turubai.

Kisha akasema nami, mara ya kwanza kwa siku tisa.

«Hao batu ya kwa Mariette, benye batasikiliza. Beko na fasi ya kukaa?»

«Ndiyo, Mama. Ni ukumbi wa kanisa. Kuna viti.»

«Viti vyao benyewe, ao ya kuazima?»

«Vyao wenyewe.»

Alifikiri. «Njo vizuri,» akasema. «Basi Mariette abasomee yote. Hata ile ya mimi. Kama banakaa muzuri, bataweza kusikia.»

Kwa hiyo naondoa katazo langu. Wasomee yote. Na baada ya hapo waambie neno hili, ambalo ndilo jibu langu kamili kwa swali lao. Nchi tajiri zisaidie, zimechelewa. Lakini msaada unaomtaka mtu asiwe na hata kiti ndipo aitwe maskini haupunguzi umaskini. Unautunza. Unaupigia deki, unaupanga, unaukagua usije ukaondoka. Umenifundisha mimi, mwalimu wa maadili, kuogopa kiti. Nimekaa nikiwaza ni baba wangapi katika makazi haya, siku ya kupata bati, au kuku wa pili, au godoro, wamesimama mlangoni wakijiuliza kama wana uwezo wa kukipokea. Mnapouliza mtusaidie au msitusaidie, ulizeni na hili: mtu akisimama kwa miguu yake mbele yenu, mtafurahi, au mtamfuta jina?

Jambo la mwisho. Usitume chakula, Mariette, na usitume kitu chochote kwa ajili ya haya. Leo jioni, mvua ilipotulia, nilikwenda kwa Elisée, seremala wa hapa mtaani, nikamwagiza kiti. Kimoja, cha mbao ngumu, chenye mikono. Atakitengeneza, nami nitamfundisha binti yake Kifaransa mpaka mwezi wa sita. Salvator aliposikia alisema, «Mwalimu, umerukwa na akili? Kiti chako mwenyewe? Watakuona tajiri!» Nikamwambia ninajua. Mwishowe akasema atakuja kukipiga msasa.

Nilirudi nikamwambia Mama. Aliuliza kitakuwa cha nani. Nikamwambia cha mgeni. Akanyoosha mkono wake ule mwembamba, akamwambia Goretti alete sahani. Alikula nusu. Nusu si kidogo.

Nisalimie Patrice, umwambie mgongo haupigani na baridi, ajifunike. Wabusu Larissa na Claude mashavuni kwa ajili ya bibi yao, ambaye akijaliwa atawaona hata kama ni katika picha. Goretti, Sonia na Prince wanakusalimu. Salvator na Ancilla pia, ingawa hawajakuona, maana huku jirani ni ndugu na hawasubiri kuulizwa. Mungu aliyetutoa Baraka usiku na kutuhesabu wote alfajiri akulinde ugenini, akupe mkate ambao hutalazimika kuulilia, na nyumba yako isikose kamwe fasi ya mtu kukaa.

Elisée amesema kiti kitakuwa tayari Jumatano. Wakija tena kututazama watakikuta mlangoni, cha kwetu. Wakae kwanza. Kisha waandike.

Ni mimi yaya yako, nikupendaye leo kama siku nilipokubeba mgongoni,

Appolinaire